Shemeji Yangu na Askari wa Miavuli

Tarehe kumi na saba Mei, mwaka juzi, tulimzika dada yangu huko Merikit, na historia yake haikusomwa.

Msomaji wa mbali huenda asione uzito wa jambo hilo. Kwetu huku Busia na Tororo, kabla jeneza halijashushwa, mtu wa nyumba ya marehemu husimama na karatasi akasoma: alizaliwa wapi na lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliolewa wapi, ameacha watoto wangapi, aliugua nini. Kila mtu husomewa. Nimewahi kusikia ikisomwa historia ya mtu aliyeishi kwa kuiba baiskeli, na msomaji akasema marehemu alikuwa mchapakazi katika mambo ya usafiri. Tuliitikia amina wote, hata walioibiwa.

Siku ile emsii, mwongoza shughuli, alipotangaza historia ya marehemu, mume wake alisimama. Huyo ndiye shemeji yangu. Alikuwa na daftari mkononi. Akalifungua, akalitazama, akalifunga. Akasema kwa sauti ile ile aliyofundishia darasani: "Haijakamilika. Sisomi kitu ambacho sijakihakikisha." Kisha akaketi.

Katekista akaanzisha wimbo haraka ili watu wasianze kunong'ona. Sisi upande wa mke tulikuwa chini ya turubai letu, tumetoka Masaba na Buteba kwa lori. Shangazi yangu aliniuliza kwa Kisamia kama mtu yule ana akili timamu. Nilimwambia anazo, tena nyingi, na hazijawahi kumsaidia mtu. Wimbo ulipoisha dada yangu alishushwa, na watu wengi waliorusha udongo siku ile hawakujua hata alikotoka.

Sitalitaja jina la shemeji. Anayemjua atamjua. Watu wa Merikit walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya msingi pale mpaka akastaafu. Wenzake wa malwa, pombe yetu ya ulezi, walimwita Parachuti, lakini akiwa ametoka kwenda haja. Ukoo wake pia nauacha, maana yeye mwenyewe hakujali habari za mtu yeyote aliye hai.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni hata kwenye joto la Januari. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu kwa sababu aliwahi kufundisha upande wa Kenya, na hakukubali tusahau. Ukisema "ile kitabu" alikusahihisha kabla hujafika mwisho wa sentensi, na ukishasahihishwa unakuta umesahau ulichotaka kusema. Nadhani hilo lilimfaa.

Alikuwa na swali moja alilolitumia kama watu wengine wanavyotumia salamu: "Uliona au ulisikia?" Umwambie Busia imenyesha, atakuuliza. Umwambie mpaka umefungwa kwa masaa mawili na malori yamejipanga hadi nje ya mji, atakuuliza. Siku moja binti yake mkubwa, akiwa mtoto, alikuja analia kwamba rafiki yake amegongwa na pikipiki barabarani na amekufa. Baba yake alikuwa anaandika. Alimuuliza, bila kuweka kalamu chini, uliona au ulisikia? Mtoto akasema alisikia. "Basi nenda ukaone kwanza, ndipo ulie." Mtoto alienda. Rafiki alikuwa amevunjika mguu tu. Shemeji alisimulia kisa hicho kwa miaka mingi kama ushindi wake. Binti yake hakuwahi kukisimulia.

Kwenye malwa ndiko nilikomchukia vizuri. Watu wa Merikit hukaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa taratibu. Ni mahali pa kucheka na kuulizana habari za ng'ombe. Shemeji alifuta ncha ya mrija wake mara mbili kwa leso, akaushika kama mwalimu anavyoshika fimbo, na akaanza: "Mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane." Wote waliinamisha vichwa kwenye mirija yao wakanywa kwa nguvu. Kufikia yeye kukumbuka kunywa, chungu kilikuwa maji matupu. Aliamini walikuwa wanasikiliza.

Alichokuwa anakisimulia ni hiki. Padri mmoja mzee, Mwitaliano, aliyekuwa akipita Tororo akitoka kaskazini, aliwahi kumwonyesha picha katika kitabu chake cha picha za nyumbani. Kwenye picha kuna ndege, na chini ya ndege watu wawili wameelea hewani kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Walikuwa vijana wa Libya, wakati Italia inatawala kule, kabla ya vita vya pili. Watawala wao waliwapeleka uwanja wa ndege nje ya Tripoli wakawafundisha kuruka na miavuli. Waitaliano huko kwao hawakuwa bado na kikosi kama hicho; walianza na askari wa koloni. Shemeji alimuuliza padri majina ya wale wawili. Padri alicheka, akasema nani anajua.

Neno hilo lilimwingia. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa anaandika historia ya kikosi kile. Aliandika barua kwa balozi, kwa vyuo, kwa wajane wa marubani. Baadaye alimkalisha binti yake na simu, amtafutie. Madaftari yalifika kumi na tisa. Kalamu zilikuwa tatu: nyeusi kwa alichohakikisha, ya bluu kwa alichosikia, nyekundu kwa alichokikataa. Nimeyaona yote. Mengi ni mekundu.

Na sasa niseme ukweli mwingine, maana nimekusudia kuusema wote. Habari yenyewe ilikuwa nzuri, na hakuna aliyeisimulia kama yeye. Alisema miavuli ile ya kwanza kamba zake zote zilikutana mahali pamoja mgongoni, kwa hiyo mtu aliruka kichwa mbele, akaning'inia kama mzigo kwenye kreni, hawezi kujigeuza wala kuchagua pa kuangukia. Wengine waliumia. Wengine walikufa palepale mazoezini, na kesho yake wenzao walipandishwa ndege ile ile. Vita vilipofika, hakuna aliyerushwa. Waliwekwa chini wapigane kwa miguu jangwani kama askari wengine, na huko wakaisha. Walijifunza kuanguka kwa faida ya nani, aliuliza shemeji. Mara moja alipofika hapo niligundua nimeacha kunywa na macho yangu yamelowa. Nililia kwa ajili ya watu ambao hata yeye hakuyajua majina yao. Sijawahi kumwambia.

Dada hakuwahi kukaa kwenye malwa hizo. Alikuwa shambani. Mihogo, wimbi, mahindi, karanga, vyote vilitoka mikononi mwake, na chai ya shemeji ilifika mezani kwa wakati ule ule kila siku, ikawekwa upande wa kulia wa daftari. Akiulizwa mume wake anaandika nini alijibu, "Ni mambo ya watu walioanguka," akaendelea kupepeta. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa na sauti ya chini, na alipenda kuimba akipika, wimbo mmoja tu wa kanisani, ubeti wa pili tu. Nilimuuliza kwa nini wa pili. Akasema wa kwanza kila mtu anaujua.

Mimi kazi yangu ni kushona maturubai ya malori hapa Busia. Hapo ndipo shemeji aliponikumbuka. Alikuja siku moja na mfuko. Ndani mlikuwa na shuka mbili nyeupe. Akanichorea mwavuli wa wale askari kwenye boksi, mishono yake, mahali kamba zinapokutana, akasema anataka mmoja mdogo ili ajue kwa nini vijana wale waliumia. Nilishika pindo la shuka nikajua mara moja. Maua yaliyoshonwa pindoni yalikuwa kazi ya mkono wa mama yetu. Zilikuwa shuka alizompa dada siku ya harusi, na dada alizitunza sandukuni, hazijalaliwa hata na mgeni.

Nilimuuliza zimetoka wapi. Akasema, "Nyumbani."

Ningeweza kuzikunja nikazirudisha kwenye mfuko. Sikuzirudisha. Alikuwa ameeleza vizuri mno, na mimi ni fundi, nilitaka kuona kama mwavuli utafunguka. Nilikata kwa mkasi wangu, nikashona kwa uzi wangu, mishono miwili miwili kama ya turubai la lori la sukari. Hilo ni langu, silisukumi kwa mtu.

Tuliurusha kutoka juu ya mnara wa tangi la maji la shule. Badala ya mtu alifunga gunia la mahindi, na mahindi yalikuwa ya dada. Shuka zilifunguka nusu, zikajisokota, gunia likapiga chini likapasuka, na kuku wa mwalimu mkuu wakafika kabla yetu. Shemeji alifurahi kupita kiasi. Alipima urefu wa mnara kwa kamba, akaandika, akataka turudie. Dada alifika na ungo. Alipiga magoti akaanza kuokota punje moja moja kwenye vumbi. Mimi nilisimama pale na uzi mkononi.

Bila kuinua kichwa aliniuliza, "Ni wewe umeshona?"

"Ni mimi."

Aligeuza kipande cha shuka, akatazama mshono wangu ulivyokutana na ua la mama. "Umeshona vizuri," akasema, akaendelea kuokota.

Nimewahi kutukanwa na madereva wa kila taifa linalopita hapa. Hakuna tusi lililonikaa kama sifa hiyo. Lakini shemeji jioni ile alikunywa chai yake kama kawaida na kuniambia kosa ni la kamba, si la kitambaa. Aliandika hivyo kwa kalamu nyeusi.

Hakuwa mtu mbaya kwa namna ambayo watu wanaijua. Hakupiga, hakulewa, hakuoa wa pili. Kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba pale kijijini, na ndugu zake mwenyewe walimtaka aje aseme aliona mti wa mpaka ukihamishwa. Alikataa kwa sababu hakuuona. Ndugu hawakumsalimu miaka mitatu. Alikuwa amesikia, akasema, na kusikia si kuona. Walioshinda kesi walimletea kuku kumshukuru, akawarudisha na kuku wao akisema hakufanya kwa ajili yao. Watu walimheshimu kwa hilo. Mimi niliona tu kwamba kuku yule dada angempika.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sijamsamehe.

Ilikuwa Mei ile ile, kama wiki moja kabla ya mazishi. Dada alikuwa amelalamika kifua tangu Pasaka. Asubuhi hiyo nilikuwa kwa Hajji, mzee mmoja wa Busia mwenye malori, nikimshonea turubai uani kwake. Shemeji akaingia na karatasi, amevaa viatu vya kufunga kamba. Barua ilikuwa imekuja kwenye simu ya binti yake kutoka kwa mwalimu mstaafu wa Tripoli, imeandikwa Kiarabu, na Hajji husoma Kiarabu. Nilimuuliza dada hajambo? Akasema hajambo.

Hajji alivaa miwani, akasoma kimya, akasoma tena. Kisha akasema, "Mwalimu, hii mzee nasema hata yeye hapana jua majina. Nasema anakuombea dua. Nauliza kama wewe iko na majina, umtumie."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Watu wawili wazee, mmoja kila upande wa jangwa, wanaombana majina ambayo hakuna aliye nayo. Shemeji hakucheka. Alikaa kwa Hajji mpaka saa tisa akitafsiriwa neno kwa neno, akakataa chai mara mbili, akakubali ya tatu.

Dada alianguka jikoni kwake saa nne. Majirani walimpeleka hospitali Tororo kwa bodaboda, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati. Simu ya shemeji ilikuwa imezimwa ili asisumbuliwe wakati wa kusomewa. Nilipokuja kumuuliza baadaye, ulijuaje kwamba hajambo, alinieleza kwamba aliondoka nyumbani kabla dada hajaamka. Mtu huyu, ambaye hakukubali kwamba mvua imenyesha mpaka aione, aliniambia dada yangu hajambo na hakuwa amemtazama.

Dada alikufa siku ya tano. Daktari alituambia saa zile chache zisingebadili kitu. Naandika hilo kwa sababu daktari alilisema. Halijanipunguzia.

Kwetu, baada ya mwaka, kaburi hujengewa. Watu hukusanyika tena, misa husomwa, fundi humwaga simiti, na ikiwa bado mbichi huandika juu yake kwa msumari: jina, alizaliwa, alikufa. Siku hiyo historia inaweza kusomwa kwa mara ya pili. Ikipita hiyo, hakuna tena siku ya kuisoma. Watu hawatarudi. Wajukuu watakaa juu ya kaburi wakila miwa, nalo litakuwa kaburi la bibi fulani.

Kwa hiyo Aprili mwaka jana nilipanda bodaboda nikaenda Merikit. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyashona mwaka mzima, kila siku nikivuta sindano. Nilitaka kumwambia kwamba ameandika madaftari kumi na tisa ya watu asiowajua na ameshindwa ukurasa mmoja wa mwanamke aliyemletea chai, na kwamba kama hawezi, aniachie mimi wa darasa la saba niandike uongo mzuri kama watu wengine.

Nilimkuta mezani. Nyumba ilikuwa chafu, kuku wamepanda kitandani. Aliniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shemeji, umekuja vizuri," akasema. "Nina maswali. Keti."

Nikaketi. Ndivyo alivyokuwa, unakuja kumhukumu unajikuta umeketi.

Alikuwa na daftari moja la habari za dada. Alisema amekwenda Masaba mara nne kwa miguu na bodaboda, amewauliza wazee wetu wanaume, wamempa miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari. "Nusu ya Uganda ilizaliwa tarehe mosi Januari," akasema kwa dharau, "karani alichoka." Nikamwambia aliitwa Nafula, kwetu ni mtoto wa wakati wa mvua. Akajibu anajua hilo, ila mvua za Machi au za Septemba? Na za mwaka gani? Sikujua. Miaka hamsini na kitu nimemwita dada na sikujua.

Kisha akageuza ukurasa. "Daftari la shule ya Masaba linamtaja mpaka darasa la tano. Mwaka uliofuata hayupo, na hapo hapo jina lako linaanza. Kwa nini aliacha?"

Nilijua. Nilitazama kuku. Yeye alingoja, kalamu imesimama juu ya karatasi, kama walimu wanavyongoja wakijua jibu liko darasani. Mtu huyo sikumdai ukweli mwaka mzima ili nije mimi nimfiche wangu.

"Baba alisema atasomesha mmoja," nikasema. "Dada akamwambia ni mimi. Nilikuwa nje ya dirisha."

"Uliona au ulisikia?"

"Nilisikia. Na nilinyamaza."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

Akaandika. Alitumia kalamu nyeusi. Hakusema pole, hakusema ulikuwa mtoto. Nilimchukia wakati ule kuliko siku ya mazishi.

Nikamuuliza, na wewe je, umejiandikaje humo? Akanisukumia daftari. Ukurasa wa tisa ulisema hivi: "Siku aliyoanguka mume wake hakuwepo. Alikuwa Busia kwa shughuli isiyo ya lazima, na simu yake aliizima mwenyewe. Alipoulizwa hali ya mke wake alisema hajambo, na hakuwa amemwangalia." Kabla ya huo, ukurasa wa nne: "Shuka za mama yake zilichukuliwa sandukuni bila kuombwa." Nilisoma mara mbili. Ilikuwa imeandikwa kama mtu anavyoandika kiasi cha mvua.

"Hakuna mahali umeomba msamaha," nikasema.

"Hiyo si kazi ya historia."

"Ni kazi ya nani?"

Alifikiri. Nilingoja na mimi, kama alivyoningoja. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akatazama upande wa jiko, nami nikatazama, na hapakuwa na kitu huko. Nilirudi Busia na njaa na maneno yangu yote.

Kujengea kulikuwa wiki ya tatu ya Mei. Tulikuja na lori lile lile. Misa ikaisha, fundi akamwaga simiti akailainisha kwa mwiko, akachuchumaa na msumari wake. Emsii akatangaza historia ya marehemu kwa sauti ya mtu anayeogopa. Shemeji akasimama na daftari. Nilishika magoti yangu. Kama angeketi tena, basi dada amekwisha.

Akasoma. Alisoma kurasa kumi na mbili kwa sauti kavu, bila kutua mahali pa kulia. Alisoma wimbo na ubeti wa pili. Alisoma mahindi, akasoma shuka, na watu wa Merikit wakatazamana. Aliposoma "aliacha darasa la tano ili mdogo wake asome, mdogo wake alisikia, akanyamaza," turubai zima la upande wetu liligeuka kunitazama. Sikuinamisha kichwa. Aliposoma habari ya Busia na simu, walimgeukia yeye, na yeye pia hakuinamisha. Hakuna aliyeitikia amina. Sijui ilikuwa historia ya namna gani. Lakini alikuwa ni dada. Kila mtu pale alijua tumezika nani.

Mwisho akasema, "Tarehe ya kuzaliwa haijahakikishwa," akafunga daftari.

Fundi alikuwa ameshaandika NAFULA na neno ALIZALIWA. Akauliza aweke nini. Binti mkubwa akasema aweke ya kitambulisho, yaishe. Shemeji akasema hapana. Fundi akasema aache wazi? Watu wakaanza kuguna. Mimi nilimwambia, mbele ya wote, aache ukaidi hata leo, aandike mwaka wowote. Akasema, "Wowote si wake."

Hapo shangazi akasimama kutoka kwenye mkeka, yule aliyeniuliza kuhusu akili zake. Ameolewa Buteba, hajui kusoma. Katika safari zake zote shemeji alikwenda kwa wazee wanaume wa Masaba, na mimi nilikaa na shangazi kwenye lori mara mbili. Hatukuwa tumemuuliza, si shemeji wala mimi.

"Mimi ndiye nilimpokea yule mtoto," shangazi akasema. "Mama yake alikuwa napalilia wimbi. Akaacha jembe katikati ya shamba."

Shemeji alitembea mpaka kwake, akachuchumaa mbele ya mkeka, magoti yake marefu yakafika masikioni.

"Mama, kupalilia kwa kwanza au kwa pili?"

"Ya pili. Wimbi ilikuwa hapa." Akaonyesha kwenye goti.

"Mwaka gani?"

"Mwaka mimi naolewa. Ile kanisa ya Buteba ilikuwa inaezekwa mabati, tukafungia ndoa chini ya mti."

Hakumsahihisha. Alifungua daftari pajani, akauliza padri alikuwa nani, akauliza kama cheti cha ndoa kipo, akauliza nani mwingine alikuwa shambani siku ile. Shangazi alijibu moja baada ya jingine, mkono mmoja umeegemea bega lake kama anayemshikilia asianguke. Naye akaandika.

Fundi akapapasa simiti kwa kidole, ilikuwa imeanza kuwa ngumu. "Mwalimu," akasema, "hii kitu nashika."

"Ngoja," akasema shemeji, bila kuinua kichwa.

Tukangoja.